Mikono ya Matroni

Bi Nukta alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ya siku ile. Alijua mganga mkuu angemuuliza ana uhakika kiasi gani, na daktari wa upasuaji angetaka kujua kwa nini kompyuta iaminiwe kuliko macho yake mwenyewe. Majibu alikuwa nayo. Kitu ambacho hakukiandalia jibu ni uso wa Taratibu, aliyekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, akimtazama kama mtu anavyomtazama mwanamke ambaye Jumamosi atampeleka kwao kumtambulisha.

Maana ndivyo walivyokubaliana. Jumamosi ilikuwa siku ya kupelekwa kwa mama.

Na mama mwenyewe alikuwa humohumo chumbani, kiti cha mbele kabisa, gauni jeupe limenyooka kama karatasi. Alikuwa Matroni wa wodi ya upasuaji, mwaka wa ishirini na tisa kazini. Wagonjwa walimwita Mama, hata wale waliomzidi umri.

Hospitali ilimwita Bi Nukta kwa sababu ya vidonda. Wagonjwa wa wodi ile walikuwa wamefanyiwa upasuaji salama, wakarudi vitandani wakicheka, halafu siku ya nne au ya tano mshono ukaanza kuvimba na kutoa usaha. Maabara ilisema kidudu ni kilekile kimoja. Kilitembeaje kutoka kitanda hadi kitanda? Hilo hakuna aliyelijua, na kulijua ndiyo ilikuwa kazi ya Bi Nukta, mtakwimu, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa akifuatilia njia za magonjwa kwa hesabu.

Wiki sita alikaa kwenye kistuli karibu na mlango wa wodi, akiandika nani kagusa kitanda gani na saa ngapi, huku idadi ya waliougua ikifika kumi na mmoja. Kisha akajenga wodi ya bandia ndani ya kompyuta, vitanda vikiwa visanduku na watu wakiwa nukta zinazotembea. Kila nukta ikigusa kisanduku, huenda ikaacha kidudu au ikaondoka nacho. Aliiendesha wodi hiyo maelfu ya mara, akitafuta ni nukta ipi ikibeba ugonjwa, wodi ya bandia inafanana na ile ya kweli. Wagonjwa walipoziona nukta zake zikirandaranda kwenye kioo, wakampa jina.

Taratibu alilipata lake kwa namna nyingine. Kila alipomwinua mgonjwa alikuwa akimnong'oneza, "Taratibu, mzee wangu, taratibu," hata neno likamganda. Alikuwa muuguzi mrefu, mpole, mwenye mikono mipana iliyojua kufungua bandeji bila mtu kushtuka. Wiki ya kwanza tu alisogea pale kwenye kistuli akauliza kama naye ni nukta. Bi Nukta akamwonyesha: ile ya kijani. Akainamia kioo, akaitazama kwa makini ikizunguka vitanda, kisha ikisimama karibu na mlango, ikiondoka, ikirudi tena palepale.

"Hapo pana mgonjwa gani?" aliuliza.

"Hapo nipo mimi."

Tangu siku hiyo hawakuhitaji kutongozana, hesabu ilikuwa imeshasema. Wakawa wanakunywa chai pamoja saa nne, chini ya dirisha la stoo ya mashuka. Mzee wa kitanda cha sita, dereva wa malori aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, aliwaambia hadharani kwamba yeye kalazwa apumzike, ila kwa namna wanavyotazamana hapumziki, maana kila akitaka kufumba macho anaogopa atapitwa na jambo.

Sasa Bi Nukta alisimama mbele ya wakuu wa hospitali, akawaonyesha wodi yake ya bandia. Alieleza vizuri hadi alipofika kwenye nukta nyekundu, ile iliyopita vitanda vyote kumi na kimoja kila asubuhi, kimoja baada ya kingine, kabla ya wagonjwa wale kuugua. Mganga mkuu akamuuliza ni ya nani. Bi Nukta akajibu kwamba ni ya mzunguko wa salamu wa asubuhi.

Chumba kizima kilijua ni nani husalimia wagonjwa asubuhi.

Matroni aliitazama mikono yake iliyolala mapajani, akaigeuza viganja juu, kama mtu anayeitafuta pete iliyopotea. Kisha akanyanyuka, akaomba ruhusa, akatoka.

Taratibu alimkuta Bi Nukta kwenye korido, mbele ya stoo ya mashuka, kompyuta kaikumbatia kifuani. Watu walipita, wakajifanya wana haraka.

"Jana tulikunywa chai hapa," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia wewe kwanza, ungemwambia mama. Na mama angeacha kuzunguka kabla wakuu hawajaelewa kwa nini. Yule dada wa kitanda cha tisa ameshafunguliwa mshono mara mbili. Nisingeweza kumtazama usoni."

"Sijasema usiseme. Kusema ni kazi yako." Taratibu hakuwahi kupaza sauti, na hata sasa hakuipaza, jambo lililomuumiza zaidi Bi Nukta. "Lakini jana ulinitazama ukacheka na mimi. Nilikuwa nakueleza mama anapenda wageni wa namna gani, nawe ukacheka. Mama yangu ananawa mpaka vidole vinachubuka. Leo nimeona watu wawili wanampisha njia kama ndoo ya uchafu."

Bi Nukta alitaka kumwambia kwamba alicheka kwa kuwa ilikuwa chai yao ya mwisho kabla mambo hayajaharibika, na alitaka apate walau hiyo. Badala yake aliikaza kompyuta kifuani. Taratibu alisubiri kidogo, kwa ule uvumilivu wake wa kusubiri wagonjwa, kisha akarudi wodini.

Jumamosi ikaja ikapita. Hakuna aliyempeleka mtu kwa mama.

Maabara ilipima mikono ya Matroni, ikaikuta safi. Haikusaidia kitu. Wengine walisema imekuwa safi leo, nani anajua ya mwezi jana? Matroni mwenyewe aliomba apewe kazi ya ofisini hadi mambo yatulie, na msaidizi wake akashika mzunguko wa asubuhi. Wagonjwa walilalamika. Mzee wa kitanda cha sita alisema salamu za huyu msaidizi ni kama za mtu anayesoma mita ya umeme.

Bi Nukta aliendelea kukaa kwenye kistuli chake. Nukta ya kijani iliacha kabisa kusimama mlangoni. Taratibu akitaka kutoka alipitia mlango wa nyuma, ule wa kupitishia mashuka ya kufuliwa, na siku moja walipogongana ana kwa ana kwenye sinki la kunawia, wote wawili walinawa kwa muda mrefu kupita kiasi, macho kwenye maji, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufunga bomba.

Halafu, siku ya kumi na mbili tangu mkutano ule, akaugua mgonjwa wa kitanda cha kumi na saba. Mshono umevimba. Kidudu kilekile.

Bi Nukta aliyasoma majibu ya maabara mara tatu. Mgonjwa yule alilazwa baada ya Matroni kuhamia ofisini, na Matroni hakuwahi hata kumpa mkono. Kwa hiyo nukta nyekundu ilikuwa imeonewa. Alijisikia vibaya, na chini ya ubaya ule akasikia furaha iliyomtia aibu, maana mgonjwa alikuwa anaumwa kweli. Akaenda kwa mganga mkuu, akasema hesabu yake ina kosa na hajui liko wapi. Mganga mkuu, mtu wa maneno machache, akamuuliza nani anaujua mzunguko wa asubuhi kuliko wote. Jibu lilikuwa moja tu.

Ndipo Jumamosi iliyofuata, saa tisa mchana, Bi Nukta alipobisha hodi kwenye nyumba aliyopaswa kupelekwa kwa heshima. Alikwenda peke yake, kwa miguu yake.

Mlango ulifunguliwa na dada mkubwa wa Taratibu. Alimtazama kutoka utosini hadi kwenye kucha.

"Wewe ndiye wa nukta?"

"Ndiye mimi, dada."

"Viatu acha hapo. Heshima ingia nayo."

Sebuleni alimkuta Matroni kwenye kiti cha mkono, miwani puani, na pembeni yake mama mdogo wa Taratibu akimenya machungwa. Kwenye kochi refu, gazeti mkononi, alikuwepo Taratibu. Gazeti lilipanda juu mara moja likamfunika uso.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alisema Matroni. "Kaa."

Mama mdogo hakungoja mgeni apumue. Alisema yeye amesikia mengi duniani, lakini mkwe wa kumhesabu mama mkwe ndiyo mara ya kwanza. Akishaolewa huyu, alisema, atahesabu na nyama kwenye sufuria, na atatoa ripoti nani kala mbili. Dada mkubwa akaongeza kwamba mama hajalala vizuri tangu siku ile. Bi Nukta alipokea yote, mikono magotini. Walipomaliza, alisema alichokuja kusema.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea. Kuna mgonjwa mpya, na wewe hukumgusa. Wakuu nimeshawaambia, lakini nilitaka ulisikie kinywani mwangu. Pia nimekuja kuomba msaada. Njia ipo kwenye mzunguko wa asubuhi, nina hakika. Ila mimi siioni."

Gazeti lilishuka kidogo. Macho yakatokea juu yake.

Matroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ungedhani hakusikia. Kisha akasema, "Ulikaa wapi wiki zile sita?"

"Mlangoni, Mama. Kwenye kistuli."

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Umehesabu vitanda vyangu vyote, hukulalia hata kimoja." Akanyanyuka. "Lala hapo."

Alimwonyesha kochi dogo. Bi Nukta alifikiri ni mzaha, lakini Matroni alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi. Mama mdogo aliamriwa alale kwenye mkeka, na akalala akilalamika kiuno, kama mgonjwa wa kweli. Dada mkubwa akageuka mgonjwa wa kiti. Taratibu aliambiwa aweke gazeti chini na anyooke palepale alipo, kwa kuwa yeye ni kitanda cha pili. Makochi mawili yale yalitazamana. Kati yake ilikuwa meza ndogo na sahani ya machungwa. Bi Nukta alilala akitazama dari, na kwa pembe ya jicho akajua kwamba Taratibu naye anatazama dari, kwa bidii ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa huko.

Matroni akaanza kwa dada mkubwa. Alimpa mkono, akamuuliza amelalaje, akamgusa paji la uso, akanawa kwa maji ya hewa. Akaja kwa mama mdogo, ambaye alisema kalala vibaya, chakula cha hospitali hakina chumvi, na mume wake hajaja kumtazama. Akanawa tena. Akaenda kwa Taratibu.

"Umelalaje, baba?"

"Vibaya, Mama," alisema Taratibu. "Sasa ni wiki ya pili."

Sauti ile haikuwa ya mchezo. Bi Nukta aligeuza uso, naye alikuwa ameshaugeuza wake. Walitazamana juu ya machungwa. Hakuna aliyekwepa.

Matroni akanawa, akafika kochi dogo. Aliinama. Kwa mara ya kwanza Bi Nukta aliiona kazi ile kutoka chini, kama mgonjwa anavyoiona: uso wa Matroni umekaribia, mkono mkavu, wa joto, umeshika wake, na swali limeulizwa kwa namna inayokufanya utamani kuwa na jibu zuri. Alielewa kwa nini wagonjwa walimwita Mama. Kisha Matroni alichukua taulo iliyokuwa imemning'inia begani muda wote huo, akamzungushia mkono juu ya kiwiko, akaikaza.

"Presha yako iko juu sana," alisema Matroni, hata hakutabasamu. "Na hapa nimepima kwa taulo."

Mama mdogo aliangua kicheko pale mkekani. Lakini Bi Nukta alikuwa ameketi ghafla, taulo bado mkononi.

"Mama, hii ni nini?"

"Mkanda wa kipimo cha presha. Kila asubuhi, kila mgonjwa."

"Kila mgonjwa na wake?"

"Upo mmoja. Unaning'inia mezani kwangu." Matroni alitazama taulo, akatazama njia aliyopita, mkeka, kochi refu, kochi dogo. "Mimi nanawa," alisema polepole. "Wenyewe haunawi."

Bi Nukta alieleza huku maneno yakikanyagana. Kutoka kwenye kistuli alikuwa akiuona mgongo wa Matroni tu. Alihesabu watu, hakuhesabu vitu. Mkanda wa kitambaa unabana ngozi ya huyu, dakika tano baadaye unabana ya yule, na kidudu kinasafiri bila tabu. Matroni alipokwenda ofisini, msaidizi wake aliuchukua mkanda uleule, na ugonjwa ukaendelea na safari. Taratibu naye alikuwa ameinuka akaketi. Alikumbuka kwamba mgonjwa wa kitanda cha kumi na saba alipimwa presha mara nne kwa siku. Akaanza kutaja vitanda vingine, naye Bi Nukta akavitaja pamoja naye, mmoja akianza nambari mwingine akiimalizia, hadi dada mkubwa akamnong'oneza mama mdogo kwamba hawa wawili mbona walishaoana kitambo.

Jumatatu maabara iliupima mkanda. Kidudu kilikuwepo, kimejaa kwenye nyuzi. Kila kitanda kikapewa mkanda wake, wa plastiki, unaofutwa kwa dawa. Bi Nukta aliongeza kwenye wodi yake ya bandia nukta mpya ya kitu kisicho na miguu, na ile nyekundu ikabadilika rangi yenyewe. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Hakuna mshono uliovimba. Dada wa kitanda cha tisa alitoka hospitalini akitembea, na alipofika mlangoni alimkumbatia Matroni kwa muda hadi ndugu zake waliomngoja wakaanza kukohoa.

Wakuu walikutana tena. Bi Nukta alisimama palepale aliposimama mwanzo. Mganga mkuu alikuwa amemwambia ataje mkanda tu, ya nyuma yamekwisha. Yeye aliyataja. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma kwamba alimwonyesha kidole mtu asiye na hatia, kwamba kosa lilikuwa la kukaa mlangoni na kujiona ameingia ndani, na kwamba njia ya kweli ilionekana kwa sababu Matroni mwenyewe alikubali kuionyesha. Kisha akageuka akamwomba radhi mbele ya wote. Matroni aliitikia kwa kichwa mara moja, kama malkia, halafu akatafuta leso.

Mkutano ulipokwisha ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Korido ilijaa watu, chupa za chai na maua. Taratibu alimngoja kwenye benchi nje ya wodi. Bi Nukta akaketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Taratibu akaiondoa nafasi hiyo.

Alimwambia kwamba amekwisha kumwomba msamaha moyoni, ila haitoshi, anataka kuomba kwa mdomo: alimpita kwa mlango wa nyuma siku nyingi, na mwanamume mzima hakimbizwi na kistuli. Bi Nukta naye akamwambia ile chai ya mwisho ilikuwa nini kwake, na kwa nini alicheka. Taratibu alisikiliza hadi mwisho.

"Asubuhi nimezungumza na mama," alisema kisha. "Nimemwambia nataka kukuoa."

"Akasemaje?" aliuliza Bi Nukta.

"Hakusema ndiyo wala hapana. Ameniuliza jambo moja tu. Anataka kujua, siku ukikosea juu yangu, kama utasema wazi hivyohivyo. Nikamwambia sijui, nitamuuliza mwenyewe."

"Basi niulize."

"Nakuuliza."

Mbele yao wodi ilikuwa wazi, na kwenye dirisha la ofisi kivuli cha gauni jeupe kilikuwa kimesimama tuli, kama mtu anayesoma karatasi ambayo haipo.

"Nitasema," alijibu. "Lakini mwambie na hili: nikiwa sahihi pia nitasema."

Taratibu alicheka, kicheko kirefu kilichowageuza watu shingo. "Hilo," alisema, "analijua. Ndilo lililomfanya anunue kitambaa cha gauni la harusi kabla hujajibu."

Akamshika mkono hapohapo benchini, mbele ya wageni wote, na Bi Nukta hakuutoa.